Dudu Alichechemea Mguu wa Kushoto

Miaka arobaini na moja tumeitwa "wenyeji". Itazame ile filamu mpaka mwisho uone. Majina yanapanda kwenye kioo kama siafu: aliyeshika taa, aliyechemsha chai, aliyemchana nywele mwigizaji mkuu, hata mbwa wa mwongozaji yumo na jina lake kamili. Halafu chini kabisa, watu wakiwa wameshainuka na kukung'uta suruali, unatokea mstari mmoja: tunawashukuru wenyeji. Basi. Wenyeji ni mimi. Wenyeji ni Letisia aliyetoa vibuyu. Wenyeji ni Kornelia, ambaye bila kichwa chake picha ile ingekuwa takataka.

Mimi sisahau. Elimu yangu ni darasa la saba pale Endagikot, na yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyopoteza jalada na magazeti ya kufungia nyama. Nimewaandikia wakuu wa wilaya saba, maaskofu wawili na kampuni moja ya betri. Kila barua ninabaki na nakala yake, ndiyo maana hapa Gitting vijana wananiita Mzee Nakala. Waniite tu. Leo siandiki kulaumu. Yaani, nitalaumu kidogo, lakini nimekaa hapa mezani ili nimsifu mtu, na kazi hiyo sijaizoea.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1984. Wazungu walishuka na malori manane kwenye chumvi ya Ziwa Balangida, wakatazama ule weupe usio na jani hata moja, wakasema sayari yao ni hapa. Hadithi ilikuwa nyepesi: watu sita wa chombo cha angani wanaanguka mahali pasipojulikana, wanakuta mayai, ndani ya mayai yumo Dudu, na Dudu ana njaa. Jina lake la kizungu ni refu na halisaidii kitu. Sisi tuliiita Picha ya Dudu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikawa mkalimani wao, kwa sababu nilijua maneno mia tatu ya Kiingereza na sikuona aibu kuyatumia vibaya.

Niseme ukweli: wale watu walijua kazi. Nawakasirikia na ninawaheshimu, yote kwa pamoja. Yale mayai ya Dudu ambayo hadi leo watu wa ng'ambo wanaandikiana yalitengenezwa kwa kitu gani, ni vibuyu vya maziwa vya Letisia, mke wa mwalimu wetu, vilivyopakwa mafuta ya kondoo vikang'aa. Kimoja alisahau kukimwaga, kwa hiyo yai la tatu linapopasuka, kile kinachotoka kikitikisika na kumtia kichefuchefu mtazamaji ni mtindi wa siku nne. Ute unaovutika mdomoni mwa Dudu ni mlenda uliochemshwa na magadi. Mlio wake, ule unaosimamisha nywele, ni wa ng'ombe aliyefiwa na ndama: walimrekodi akimlilia mwanawe, wakaupunguza mwendo. Nyaya za chombo cha angani ni kamba za katani zilizopakwa rangi, na siku ya tano mbuzi waliingia wakala karibu nusu. Wachambuzi wanasema nyaya zinapungua ili kuonyesha chombo kinakufa taratibu. Ni mbuzi, jamani.

Kornelia aliletwa na ng'ombe. Mwongozaji alitaka wanyama wa sayari waonekane nyuma, kwenye vumbi, wakipita. Akaazima ng'ombe arobaini wa mfugaji mmoja wa Gehandu, wakapakwa chokaa mwili mzima, na binti wa mfugaji huyo, wa miaka kumi na sita, akaja na fimbo yake kuwaongoza. Hakuwa amesoma hata siku moja. Alisimama pembeni, amefunga shuka, haongei, anatazama.

Sasa, filamu haipigwi kama inavyotazamwa. Leo wanapiga mtu anaingia mlangoni, wiki ijayo ndipo wanampiga akitokea upande wa pili, na kwenye kioo ni hatua moja tu. Kikombe kikiwa kulia leo na kushoto wiki ijayo, umeharibu. Kwa hiyo palikuwa na mama mmoja, kazi yake ni daftari tu: nani alifunga vifungo vingapi, damu ilikuwa shavu gani, mshumaa umebaki kiasi gani. Siku ya kumi na nne mama yule alishikwa na malaria kali, akapelekwa hospitali. Kesho yake asubuhi watu thelathini walisimama kwenye chumvi wakitazamana kama waliopoteza njia.

Kornelia akanisogelea.

"Mwambie yule baba," akasema, "kikombe kilikuwa huku. Na yule mrefu jana alifungua vifungo viwili. Leo amefungua vitatu."

Nilitafsiri. Mwongozaji akacheka, wenzake wakacheka. Halafu mmoja akakumbuka kwamba ilibaki picha moja ya jana, zile picha za kutoka hapo hapo kwenye kamera. Wakaitazama. Kikombe kilikuwa huku. Vifungo vilikuwa viwili.

Kicheko kikaisha. Mwongozaji akamwambia ageuke, akahamisha vitu sita kwenye kibanda cha chombo, akamwita. Kornelia akataja vitu saba. Mwongozaji akatikisa kichwa, akanyoosha vidole sita. Kornelia akaonyesha kofia ya mwongozaji mwenyewe: alikuwa ameivaa mbele nyuma alipokuwa akiinama chini ya meza, hakujua.

Nilimuuliza anafanyaje.

"Ng'ombe wenu wakirudi jioni, mnafanya nini?" akaniuliza.

"Tunawahesabu."

"Ndiyo maana wanawapotea. Sisi hatuhesabu. Unamtazama kila mmoja anavyoingia, nani mbele, nani nyuma ya nani. Asiyekuwepo, nafasi yake inakuita yenyewe." Akanionyesha meza ya chombo. "Kile kikombe nimekifanya yule mtamba mwekundu. Bunduki ni fahali. Ile taa ni yule mzee wa pembe moja iliyoinama. Wakiingia vibaya, naona."

Siku kumi na tisa. Kila jioni alikaa juu ya sanduku la misumari, akafumba macho, akanitajia kitu kimoja kimoja, na mimi nikaandika kwenye daftari la yule mama, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba. Kila ukurasa tulianza na jambo moja: nani yumo ndani ya ngozi ya Dudu. Maana yule mzungu aliyekuwa akiivaa alizirai kwa joto siku ya kumi, wakatafuta mtu mwingine mrefu, wakampata mfugaji mmoja wa Gehandu, mrefu kuliko mlango wowote niliowahi kuuona. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekanyagwa na nyati zamani, akawa anachechemea. Mwongozaji mwingine angemkataa. Huyu aliona ule mwendo akapiga makofi, akaandika upya kipande ambacho Dudu anapigwa risasi mguuni, ili achechemee kuanzia hapo. Waliotazama wanasema hakuna kinachotisha katika picha ile kama mwendo wa Dudu. Mwendo ule si uigizaji. Ni nyati.

Kornelia alilitaja jina la mtu huyo mara kumi na tisa, nikaliandika mara kumi na tisa.

Wazungu wakaondoka na daftari lao. Miaka miwili baadaye Kornelia akaolewa, na aliyemwoa ni mwana wa mtu yule yule. Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, akiwa hai au akiwa amekufa, hata maneno yanayokaribiana nalo huyazunguka kama mtu anavyozunguka kaburi. Tangu siku ile jina hilo halijatoka kinywani mwake. Nami sitaliandika hapa, kwa sababu haya atasomewa.

Basi tuje mwaka huu. Loveness, binti wa mdogo wangu, ana steshenari hapa Gitting, anatoa fotokopi na kutuma maombi ya watu kwa mtandao. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba wako watu duniani kote ambao kazi yao baada ya kazi ni kuitazama Picha ya Dudu kipande kwa kipande wakitafuta makosa. Wameyaandika yote. Makosa mia moja na kumi na mawili: saa inayohama mkono, ndevu zinazokua kwa dakika moja, tairi la lori linaloonekana kwenye sayari isiyo na lori. Wakalinganisha na ratiba ya upigaji, wakagundua ajabu. Kuna siku kumi na tisa za upigaji ambazo hazina kosa hata moja.

Isipokuwa kosa la themanini na nane. Dudu anatokea kwenye vumbi kuelekea kwa mwigizaji mkuu, na anachechemea mguu wa kulia.

"Baba mkubwa, hili ni kweli," Loveness akasema, akairudisha picha mara tatu. "Tazama. Kulia."

Nilitazama. Kulia.

Nilikuwa nimeshawaandikia wenye filamu barua kumi na moja kuhusu jina la Kornelia. Mwezi wa tatu, wakajibu. Mhariri mmoja, mwanamke, akaeleza kwamba wanausafisha mkanda wa asili, filamu itatoka upya, na orodha ya majina inaandikwa upya pia. Wamelifungua daftari la zamani ghalani. Wamelinganisha mwandiko wa zile siku kumi na tisa na mwandiko wa barua zangu, na hawana shaka. Kwa heshima kubwa wangependa kuweka jina langu: Akonaay, mtunza mwendelezo, yaani kazi ya yule mama wa daftari. Orodha inafungwa Ijumaa.

Loveness aliruka. "Jina lako, baba mkubwa! Peke yake! Mstari mzima!"

Sitadanganya. Nililitazama jina langu kwenye kile kioo muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Miaka arobaini na moja ya nakala, halafu mtu anakujibu. Nikajiambia, kweli niliandika mimi. Nikajiambia, Kornelia hata hasomi, hatajua. Nilipojisikia nikisema hilo la pili moyoni mwangu, ndipo nikapata hasira yangu vizuri.

"Andika," nikamwambia Loveness. "Mkono ni wangu, kichwa si changu. Aliyekumbuka ni Kornelia wa Gehandu. Mimi nilikuwa kalamu. Mkiliweka jina langu mahali pake, nitawaandikia kila wiki mpaka nife, na babu zetu huwa hawafi mapema."

Jibu likaja siku hiyo hiyo. La adabu, lakini gumu. Walishapata watu watatu waliojidai ndio waliotunza kumbukumbu zile, wote waongo. Daftari halijawahi kuchapishwa popote. Kama mama huyo anaweza kupatikana Alhamisi kwa simu ya picha, watamuuliza yaliyomo. Akijibu, ataingia. Asipojibu, watafuata mwandiko.

Alhamisi Kornelia alikuja kwa bodaboda kutoka Gehandu, na mwanawe Wolfgang nyuma yake kwenye bodaboda ya pili, amebeba kibuyu cha maziwa kana kwamba mzungu angekunywa kupitia kioo.

"Shikamoo, mama," Loveness akasema, akamsogezea kiti.

"Marahaba, mwanangu." Akanigeukia. "Shikamoo, kalamu."

"Marahaba. Nani amekwambia hilo?"

"Wolfgang amenisomea barua yako. Umeniita kichwa. Nikasema leo nikafunge kilemba kizuri."

Kioo kikawaka. Mhariri alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye nywele, nyuma yake rafu za makopo ya mikanda. Loveness, aliyekuwa akitafsiri, akatambulisha watu. Alipofika kwa Wolfgang, yule mama akashusha miwani.

"Wolfgang? Kweli?"

"Wa Gehandu," Wolfgang akasema. "Mbona, na kwenu wapo?"

Tukacheka wote, na ilisaidia, maana mikono ya Kornelia ilikuwa imeshikana magotini kama ya mtu aliye mbele ya hakimu. Mhariri akaomba: atakayejibu ni Kornelia peke yake. Sisi wengine tusimsaidie hata kwa kukohoa. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Wananijua.

Swali la kwanza: siku ya kumi na saba, kwenye meza ya chombo kulikuwa na nini?

Kornelia akafumba macho. Nikaliona sanduku la misumari, nikaona jioni ile. Kidole chake kikaanza kwenda taratibu juu ya goti, kama kinawapitisha ng'ombe langoni. "Kikombe, mkono wake unatazama mlango. Bunduki, mdomo kwa ukuta. Taa, kioo kimepasuka chini. Glovu moja. Glovu ya pili haipo, imeshikwa na yule mwanamke mwenye nywele fupi. Mkate umeumwa mara mbili. Hapana. Mara mbili asubuhi, mchana alikuwa na njaa kweli, akauma tena. Tatu."

Mhariri alikuwa akifuata kwa kidole kwenye ukurasa. Kwenye mkate, kidole kikasimama. Akamwambia Loveness kitu.

"Anasema imeandikwa mbili, ikafutwa, ikaandikwa tatu," Loveness akasema, na sauti yake ikapasuka kidogo.

Mimi ndiye niliyefuta.

"Swali la mwisho," mhariri akasema. "Ni jepesi. Juu ya kila ukurasa pameandikwa jina la aliyevaa ngozi ya Dudu. Jina hilo halipo popote pengine duniani. Anaitwa nani?"

Kornelia akafumbua macho. Akatazama kioo, akatazama chini.

"Mama?" Loveness akasema. "Anauliza jina la..."

"Nimesikia."

Kwenye kioo mhariri akasubiri, akashika kalamu, akaiweka. Wolfgang alikuwa ameuma mdomo, maana mtu huyo ni babu yake, na yeye anaruhusiwa kulitaja. Mimi nami nililijua. Tamko moja tu, na mwanamke huyu anaingia kwenye majina. Nilisimama. Kornelia hakugeuka, ila aliinua kiganja, kidogo tu, kama anavyomzuia ndama. Nikakaa.

"Halikumbuki?" mhariri akauliza kwa upole. Upole wake uliniudhi kuliko ukali.

"Mwambie nakumbuka," Kornelia akasema. "Mwambie sisemi. Ni baba mkwe wangu."

Loveness akaeleza, akaeleza tena. Mhariri alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini niliona usoni mwake kile ninachokijua: mtu anakuelewa na bado hakuandiki. Akasema anaheshimu mila. Akasema anasikitika, lakini mtu yeyote anaweza kusema hasemi. Akasema, na hapa alikuwa kama anajisemea, kwamba hata hivyo kwenye siku zile lipo lile kosa la mguu, na mtunza kumbukumbu mwenye kichwa kile asingelikosa.

"Kosa gani?" Kornelia akauliza.

Loveness akasita. "La mguu, mama. Kipande kimoja Dudu anachechemea kulia."

Kornelia hakuwahi kuiona filamu ile. Hata siku moja. Aliiona ikitengenezwa tu. Akakaa wima. "Kulia? Uongo. Mguu wa kulia wa mtu yule ulikuwa mzima mpaka tunamzika. Nionyeshe."

Mhariri akakiweka kipande kwenye kioo. Vumbi jeupe. Nyuma, vivuli vya ng'ombe wa chokaa wakipita. Katikati Dudu anatokea, mrefu, ute wa mlenda ukining'inia, anakuja, na anachechemea, na ni kulia. Kornelia alikuwa akimtazama mkwewe aliyekufa akitembea. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Halafu nikaona kwamba hamtazami tena. Macho yake yamekwenda nyuma, kwenye vumbi.

"Rudisha."

Wakarudisha.

"Tena." Safari hii alisimama, akagusa kioo cha Loveness kwa ukucha, mahali ambapo mimi niliona vumbi tu. "Huyu nani?"

"Ni ng'ombe, mama," Loveness akasema.

"Najua ni ng'ombe! Huyu ni yule mzee, wa pembe iliyoinama. Pembe yake iliyoinama ni ya kushoto. Nimemkamua mama yake. Hapa imeinama ya kulia. Na huyu nyuma yake, sikio. Sisi tunakata sikio la kushoto, baba yangu, babu yangu, wote. Hapa limekatwa la kulia. Huyu pia. Huyu pia. Arobaini wote tumekata sikio la kulia siku moja?" Akacheka, machozi yangali machoni. "Mwambie huyo mama, ng'ombe hawa ni wetu, lakini wamegeuzwa. Picha yote mmeigeuza. Kama unavyogeuza ngozi ukatazama upande wa ndani. Mguu haukukosea. Nyie ndio mmekosea."

Loveness alitafsiri akiwa amesimama. Mhariri akainuka, akatoka kwenye kioo, tukabaki tunatazama rafu za makopo. Tulisikia mlango, tukasikia watu wakiitana, kitu cha chuma kikawekwa mezani. Dakika kumi. Wolfgang akatumiminia maziwa, hakuna aliyekunywa.

Aliporudi walikuwa wanne, wamebanana kwenye kioo kimoja. Mhariri ameshika kipande cha mkanda wa asili dhidi ya taa.

"Kushoto," akasema. Halafu akaeleza, kwa haraka mno hata Loveness akamwomba apumue. Kwenye mkanda wa asili Dudu anachechemea kushoto. Lakini alipigwa akienda upande ule ule anaotazama mwigizaji mkuu, na kwenye kuunga vipande ingeonekana anamkimbia badala ya kumjia. Fundi wa kuunga aliugeuza mkanda ili waelekeane. Hakumwambia mtu. Miaka arobaini na moja, maelfu ya watu wameitazama miguu ya Dudu, na hakuna aliyewahi kutazama masikio ya ng'ombe.

"Mwambie," mhariri akasema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anafuta miwani, "siku zake kumi na tisa hazina kosa. Hata moja. Jina lake naliandika leo. Naomba anitajie linavyoandikwa."

"Nitamwambia kwa sharti," Kornelia akasema.

Nilimtazama. Mimi ndiye ninayetoa masharti kwa kawaida.

"Aliyevaa ngozi aandikwe. Kabla yangu, kwa sababu ni mkubwa wangu. Mnalo kwenye daftari, nililitaja wakati nilipokuwa na ruhusa. Wolfgang atawahakikishia herufi, mimi nitatoka nje." Akajifunga kilemba vizuri. "Na huyu kalamu mumweke, chini. Chini kabisa. Asije akazoea."

Akatoka, akasimama kwenye uwanja wa steshenari akitazama mlima, mpaka Wolfgang alipomaliza.

Mwezi wa nane nakala mpya ikaletwa. Tuliionyesha Gehandu, kwenye darasa la shule, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi na mtambo wa picha umeazimwa parokiani. Wafugaji walijaa mpaka nje. Walimcheka sana Dudu, wakawataja ng'ombe wao wa zamani kwa majina, wakalia mtindi ulipomwagika kana kwamba ni wa kwao na umemwagika leo. Kosa la themanini na nane limeachwa lilivyo, Kornelia mwenyewe alipoulizwa alisema waliache, watu wa huko wapate kazi.

Kisha majina yakaanza kupanda. Loveness alisimama pembeni ya ukuta akiyasoma kwa sauti, kwa ajili ya wasiosoma: mshika taa, mpika chai, mbwa. Watu walikuwa wameambiwa. Hakuna aliyeinuka. Kornelia alikuwa benchi la mbele, viganja magotini, kwa kuwa hasomi anamtazama Loveness na si ukuta.

Loveness akasoma, "Aliyevaa ngozi ya Dudu..." akanyamaza.

Jina likapanda. Herufi nyeupe, kubwa, kwenye ukuta wa darasa la Gehandu, likapita mbele ya watoto wake, wajukuu, na wazee waliochunga naye. Darasa zima lililijua, na hakuna kinywa kilichofunguka. Hata watoto wachanga sijui walishikwa na nini. Palisikika mtambo tu, ukiunguruma.

Kornelia akaniinamia.

"Limepita?" akanong'ona.

"Linapita," nikasema. "Ngoja. Sasa limepita."

"Haya," akamwambia Loveness. "Endelea, mwanangu. Anayefuata nani?"